Amethi au Rae Bareli: jimbo lipi likufundishe siasa za vijijini India?

Ukitaka kuelewa namna wanakijiji wa India wanavyopiga kura, na kura hiyo inawarudishia nini, huwezi kuyasoma majimbo yote 543 ya bunge la Delhi. Itakubidi uchague moja ulijue vizuri. Awe mwanafunzi wa siasa, mwandishi wa habari au diwani anayetafuta mfano wa kujifunzia, ushauri wangu ni kuchagua kati ya mawili yaliyo jirani: Amethi na Rae Bareli, huko Uttar Pradesh. Yanafanana sana, na kwa hiyo pale yanapoachana ni rahisi kuona kwa nini. Yote mawili yako Awadh, nchi tambarare ya ngano wakati wa baridi na mpunga wakati wa mvua. Wapigakura ni kama milioni 1.8 kila upande. Na tangu miaka ya 1970, yote mawili yamekuwa yakiombwa kura na ukoo mmoja, wa Nehru na Gandhi, na chama chao cha Congress.

Kwanza neno moja la kutoa utata. Kiswahili huita "jimbo" eneo la uchaguzi, na huita "jimbo" pia sehemu kubwa ya nchi kama Uttar Pradesh. Hapa chini, jimbo ni eneo la uchaguzi tu. Uttar Pradesh nitaitaja kwa jina lake, na serikali yake nitaiita Lucknow, maana huko ndiko makao yake yaliko. Serikali ya taifa ni Delhi. Tofauti hiyo ya Delhi na Lucknow ishike vizuri, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi ya yanayofuata.

Mimi nina upande, na ni afadhali niuseme mapema: ningekuchagulia Amethi. Lakini Rae Bareli ina haki ya kutangulia, maana ndiyo kongwe.

Rae Bareli: kiti cha ukoo

Feroze Gandhi, mkwe wa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, alichaguliwa kutoka eneo hili 1952 na 1957. Jina lake lisikuchanganye: hana undugu na Mahatma Gandhi. Mkewe, Indira, alikuja kugombea hapa 1967 akashinda, akarudia 1971, akiwa waziri mkuu, kwa kumpita mpinzani wake Raj Narain kwa kura 111,810. Raj Narain hakukubali. Alikwenda mahakamani Allahabad, na tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha akaubatilisha ubunge wa waziri mkuu aliye madarakani, kwa sababu mtumishi wa serikali na maofisa wa Uttar Pradesh walitumika katika kampeni yake. Siku 13 baadaye nchi nzima ikawekwa chini ya hali ya hatari. Magazeti yakakaguliwa, wapinzani wakafungwa. Kwa maneno mengine, kesi ya kura za jimbo moja la mashambani ilitikisa taifa zima.

Uchaguzi uliporudi 1977, Rae Bareli ilimwangusha Indira mbele ya Raj Narain kwa kura 55,202. Mwaka 1980 ilimrudisha, lakini alikuwa ameshinda pia Medak, kusini, akabaki na Medak. Baada yake kiti kilikaliwa na jamaa wa ukoo, Arun Nehru na kisha Sheila Kaul, hadi BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, ilipokichukua 1996 na 1998. Sonia Gandhi, mjane wa Rajiv mtoto wa Indira, alikuja 2004 na kukaa miaka 20. Mwaka 2024 alihamia Rajya Sabha, lile bunge la juu, akitokea Rajasthan, na mwanawe Rahul akashinda hapa kwa tofauti ya kura 390,030.

Somo la Rae Bareli ni hilo hasa: uaminifu wa muda mrefu, ukikatizwa mara chache. Lakini angalia ulikatizwa lini. Mwaka 1977 ulikuwa hasira dhidi ya hali ya hatari. Mwaka 1996 na 1998 hakuna mwenye jina la Gandhi aliyekuwa kwenye karatasi ya kura. Mwenye jina akiwepo, jimbo hili limemkataa mara moja tu.

Amethi: kiti kinachotikisika

Amethi ilianza kuwa jimbo 1967. Sanjay, mtoto mdogo wa Indira, aligombea 1977 akashindwa vibaya na Ravindra Pratap Singh wa chama cha Janata. Watu wa huku walikuwa wameionja kampeni ya kufungwa uzazi kwa nguvu ambayo Sanjay aliisukuma wakati wa hali ya hatari. Mwanamume akikamatwa njiani na kupelekwa kukatwa, hakuna mkutano wa hadhara utakaomsahaulisha. Hata hivyo 1980 Sanjay alichaguliwa, akafa kwa ajali ya ndege Juni mwaka huo huo. Kaka yake Rajiv akaingia kwa uchaguzi mdogo wa 1981. Mwaka 1984 Rajiv alishindana na shemeji yake, Maneka, mjane wa Sanjay, akampita kwa zaidi ya kura 300,000. Mwaka 1989 alimshinda Rajmohan Gandhi, mjukuu wa kweli wa Mahatma. Aliuawa tarehe 21 Mei 1991, uchaguzi ukiwa unaendelea.

Rafiki wa familia, Satish Sharma, alishika kiti hadi 1998, alipoangushwa na Sanjaya Sinh wa BJP, mtu wa nyumba ya kifalme ya Amethi yenyewe. Sonia alikirudisha 1999, akamwachia Rahul 2004. Kisha likaja jina ambalo wengi wenu mnalikumbuka: Smriti Irani, mwigizaji wa televisheni aliyegeuka mwanasiasa wa BJP.

Hizi hapa tofauti za kura za chaguzi nne za karibuni, pamoja na jina la mshindi:

| Mwaka | Amethi | Rae Bareli |
|---|---|---|
| 2009 | Rahul Gandhi, 370,198 | Sonia Gandhi, 372,165 |
| 2014 | Rahul Gandhi, 107,903 | Sonia Gandhi, 352,713 |
| 2019 | Smriti Irani (BJP), 55,120 | Sonia Gandhi, 167,178 |
| 2024 | Kishori Lal Sharma (Congress), 167,196 | Rahul Gandhi, 390,030 |

Mwaka 2009 majimbo haya yalikuwa pacha. Miaka kumi baadaye moja limeanguka na jingine limesimama, ingawa limepungukiwa. Ushindi wa Irani 2019 unakaribia kulingana na ule wa Raj Narain 1977, zimepishana kura 82 tu. Na Sharma alishinda Amethi 2024 kwa karibu tofauti ile ile ambayo Sonia alishinda nayo Rae Bareli 2019, wamepishana kura 18. Hiyo ni bahati ya namba tu, lakini inanisaidia kuzikumbuka.

Tusilipite hilo la 2019 haraka, maana linasimuliwa vibaya kila mahali. Inasemwa kwamba Amethi ilimkimbia Rahul. Zitazame kura zenyewe. Mwaka 2014 alipata 408,651. Mwaka 2019, alipoanguka, alipata 413,394. Ziliongezeka! Hakukimbiwa. Kilichotokea ni kwamba kura za Irani zilipanda kutoka 300,748 hadi 468,514. Mwaka 2014 chama cha BSP kilikuwa kimechukua zaidi ya kura 57,000 na Kumar Vishwas wa AAP zaidi ya 25,000, na 2019 wote wawili hawakuwa na mgombea. Kura zilizokuwa zimetawanyika zilikusanyika, na wapigakura wapya wakaongezeka, na sehemu kubwa ya yote hayo ikaenda kwa mwanamke aliyeshindwa 2014 lakini akaendelea kuja Amethi miaka mitano mfululizo.

Anayesoma asilimia peke yake hulikosa hili. Somo la kwanza Amethi inalokupa ni kuhesabu vichwa kabla ya kuhesabu asilimia.

Kilichojengwa

Sasa maendeleo. Hapa Rae Bareli inang'ara zaidi kwa macho. Kuna kiwanda cha simu cha shirika la serikali la ITI kilichoanzishwa 1973, wakati wa Indira, ambacho kilidhoofika enzi ya simu za mkononi ilipofika. Kuna kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Unchahar, chenye jina la Feroze Gandhi, kinachozalisha megawati 1,550, ambapo bomba la boila lilipasuka tarehe 1 Novemba 2017 na kuua zaidi ya watu 40. Kuna hospitali kuu ya AIIMS iliyoanza kupokea wagonjwa wa nje 2018. Kuna chuo cha mitindo ya mavazi. Na kuna kiwanda cha mabehewa ya treni huko Lalganj, ambacho ndicho ningekupeleka ukakione kabla ya kingine chochote.

Delhi ilitaka kiwanda hicho kijengwe kwa ajili ya jimbo la Sonia, aliyekuwa kiongozi wa chama tawala. Ila ardhi si mali ya Delhi. Ardhi iko mikononi mwa Lucknow, na Lucknow wakati huo ilishikwa na Mayawati wa BSP. Oktoba 2008, siku chache kabla ya Sonia kuja kufungua msingi, serikali ya Mayawati ilifuta ugawaji wa ardhi na kupiga marufuku mkutano. Mambo yakaishia mahakamani, ardhi ikarudi, na kiwanda kikafunguliwa Novemba 2012. Mwanzoni kilimalizia mabehewa yaliyoletwa kutoka kiwanda cha Kapurthala, Punjab. Kilianza kutengeneza kwa wingi chini ya serikali ya BJP, na mwaka wa fedha 2018–19 kilitoa mabehewa 1,425. Kwa hiyo wapiga debe wa Congress husema "sisi tulikijenga", wa BJP husema "sisi tulikiendesha", na wote wawili wana ukweli mkononi.

Je, kijana wa Lalganj alipata kazi? Ajira za kudumu za reli India hutolewa kwa mtihani wa taifa zima. Kijana wa hapo anashindana na wa Bihar na wa Rajasthan. Aliyekosa mtihani anabaki na kibarua, kuuza chai langoni, au kupangisha chumba kwa fundi aliyetoka mbali. Hilo nalo ni faida, silibezi. Lakini haifanani na ile picha ya "mbunge katuletea kiwanda".

Amethi ina orodha fupi kidogo, na yenye mashaka zaidi. Huko Korwa shirika la ndege la HAL lilifungua kiwanda cha vifaa vya elektroniki vya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jagdishpur ilitengwa iwe eneo la viwanda: mbolea ilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya mitambo ya umeme ya BHEL ikawa na karakana, na kiwanda cha chuma cha Malvika kikaanguka hadi kununuliwa na shirika la chuma la serikali. Mji wa Jais una chuo cha teknolojia ya petroli chenye jina la Rajiv. Fursatganj kuna chuo cha marubani kilichoanzishwa 1985. Na Machi 2019, miezi miwili kabla ya Amethi kupiga kura, waziri mkuu Narendra Modi alikuja Korwa kuzindua mradi wa bunduki za AK-203 kwa ubia na Urusi, zaidi ya 600,000 kwa mpango.

Tahadhari moja ukilinganisha orodha hizi. Wilaya ya Amethi haikuwepo kabla ya 2010. Ilikatwa kutoka Sultanpur na Rae Bareli, kwanza kwa jina la Chhatrapati Shahuji Maharaj Nagar. Chuo cha marubani kilijengwa kikiwa wilaya ya Rae Bareli, leo kinahesabiwa Amethi, na hakikusogea hata hatua moja. Nimeona makala zinazoonyesha kuwa Amethi "ilikua" na Rae Bareli "ikashuka" kwa sababu tu mwandishi hakuitazama ramani.

Kisichojengwa na Delhi

Mbunge wa Delhi hupewa mfuko wa jimbo, MPLADS, ulioanzishwa 1993. Msomaji wa Kenya au Tanzania ataufananisha na mfuko wa jimbo wa kwao. Tangu 2011 ni rupia milioni 50 kwa mwaka, isipokuwa kipindi uliposimamishwa wakati wa korona. Gawanya kwa wapigakura milioni 1.8: ni kama rupia 28 kwa kila mtu, kwa mwaka. Kwa pesa hizo utapata taa za barabarani, pampu za mkono za maji, kipande cha njia ya saruji, ukumbi wa kijiji. Hutapata shule yenye walimu wa kutosha wala zahanati yenye dawa, kwa sababu walimu, zahanati, polisi, mifereji na ardhi ni vya Lucknow.

Na Lucknow, Congress haijaishika tangu Desemba 1989. Hapo ndipo penye kiini. Kwa miaka 30 na zaidi, majimbo haya mawili yalipeleka Delhi watu wenye nguvu kuliko karibu mbunge yeyote wa vijijini, huku ofisi inayoamua maji ya shambani na mwalimu wa darasani ikiwa mikononi mwa vyama vingine. Kwa hiyo walichoweza kuleta ni kile ambacho Delhi hukijenga peke yake: kiwanda, taasisi, kituo cha umeme. Vitu vyenye ukuta na lango.

Mfano wa kinyume ni mfereji wa Sharda Sahayak, unaoleta maji ya umwagiliaji hadi kwenye mashamba ya huku. Ulileta mavuno, ukaleta pia maji kutuama pale ambapo mitaro ya kutoa maji haikuchimbwa au iliachwa ikajaa udongo. Ardhi ya magadi, inayoitwa huko usar, nyeupe kama imemwagiwa chumvi, ikawa tatizo kubwa zaidi. Uttar Pradesh imekuwa na mradi wa miaka mingi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kuiponya ardhi hiyo kwa jasi na mitaro, na Rae Bareli ni mojawapo ya wilaya zilizoguswa. Ekari moja ya usar ikigeuka kuwa shamba la mpunga, familia inakula. Lakini hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa ekari moja, na kwenye mikutano ya kampeni huisikii ikitajwa kama mabehewa yanavyotajwa.

Ongeza ng'ombe wanaozurura. Baada ya 2017 Lucknow ilibana biashara ya kuchinja, na mkulima mwenye ng'ombe asiyetoa maziwa tena akakosa pa kumpeleka. Wanyama wakaachiliwa. Watu wa Awadh wakaanza kulala mashambani usiku, fimbo mkononi, kulinda ngano.

Kwa nini basi Amethi

Kati ya 2019 na 2024 Amethi ilipata kitu ambacho Rae Bareli haikukipata: mbunge ambaye pia ni waziri wa Delhi, wa chama kilichoshika Delhi na Lucknow kwa pamoja. BJP huita hali hiyo "injini mbili". Kama tatizo la miaka yote lilikuwa mlango wa Lucknow kufungwa, sasa ulikuwa wazi. Irani alijenga nyumba Amethi. Nafaka za bure ziligawiwa kila mwezi tangu 2020, nyumba za ruzuku zikajengwa, mitungi ya gesi ikafika jikoni. Mambo haya ni ya kweli na yalimfikia mtu maskini mlangoni pake kuliko kiwanda chochote cha miaka ya 1980.

Na bado 2024 alipoteza kura zaidi ya 96,000 kutoka zile za 2019, na kiti kikaenda kwa Kishori Lal Sharma, mtu wa Ludhiana aliyeletwa Amethi 1983 kama mfanyakazi wa chama wa Rajiv. Kwa miaka 40 Sharma ndiye aliyekuwa akipokea barua na malalamiko ya watu wa majimbo haya, akijua majina ya wazee wa vijiji. Kulikuwa na sababu zaidi yake: Samajwadi Party, inayotegemea sana kura za watu wa tabaka la Yadav na Waislamu, ilifanya kampeni pamoja na Congress safari hii. Ng'ombe walikuwa bado mashambani. Na Februari 2024 mtihani wa kuajiri polisi wa Uttar Pradesh ulifutwa kwa sababu maswali yalivuja, jambo lililowaumiza vijana wa vijijini waliokuwa wamejiandaa miezi na miaka.

Ndiyo maana kwa mtu anayetaka kujua kama maendeleo yanaleta kura, nasema achague Amethi. Ndani ya miaka 15 ina mbunge wa ukoo aliyeanguka, waziri wa injini mbili aliyeanguka, na karani wa chama aliyeshinda. Unaweza kulijaribu kila dai kwa kesi iliyo hapo hapo. Rae Bareli haikupi nafasi hiyo, kwa sababu jibu lake halibadiliki mara nyingi.

Lakini kama swali lako ni jina kubwa linaweza kujenga nini mashambani kwa nusu karne, na linashindwa wapi, chukua Rae Bareli, uanze na kesi ya 1975 na umalizie langoni Lalganj. Swali hilo halina jimbo bora zaidi India nzima. Kama unapenda hesabu za ubunge wa Lucknow, usichague; vitazame viti vyote kumi vya bunge la Lucknow vilivyo ndani ya majimbo haya, vitano kila upande. Mwaka 2022 Congress haikupata hata kimoja. Rae Bareli ilitoa vinne kwa Samajwadi na kimoja kwa BJP, Amethi ikatoa vitatu kwa BJP na viwili kwa Samajwadi. Miaka miwili baadaye watu hao hao waliwapeleka Congress Delhi kwa kishindo.

Yupo pia msomaji asiyetaka kuchagua. Huyo namwelekeza Salon. Kiutawala Salon iko wilaya ya Rae Bareli: mkuu wa wilaya ni wa Rae Bareli, faili za ardhi ziko huko, mgonjwa mahututi hukimbizwa AIIMS ya huko. Kwa kura za Delhi, Salon ni sehemu ya Amethi. Mkulima wa Salon alipata mbunge wa BJP 2019 wakati jirani yake wa upande wa pili akibaki na Sonia, huku wote wawili wakisubiri maofisa wale wale wa wilaya. Ukipata wiki mbili tu za kukaa Awadh, zikalie hapo, uwaulize wote wawili maji ya mfereji yalifika lini mwaka huu, na walimwendea nani yalipochelewa.